Maji ya Karavani

Nisameheni kwanza kwa mwandiko. Herufi zangu hulala upande kama nyasi zilizokanyagwa, na nikikosea neno silioni mpaka mtu anionyeshe. Niliishia darasa la saba, na tangu hapo kalamu nimeishika kwa ajili ya kujaza fomu tu. Ukurasa mmoja unanichukua siku mbili. Lakini kusema kunanishinda kuliko kuandika, na jambo hili nilishindwa kulisema siku lilipotakiwa kusemwa. Kwa hiyo naliandika.

Ni habari ya wiki moja ya mwezi wa kwanza, wakati wa baridi, tulipokwenda kukaa jangwani ndani ya karavani: madam, sir, dereva wao, mimi na mbwa.

Nilikuwa nimeshafanya kazi za ndani kwao Al Barsha, hapa Dubai, miaka miwili na kitu. Ni watu wa Ulaya, hawana mtoto, na hawakuwa wabaya kwangu. Mwezi wa kumi na mbili madam aliniita jikoni akaniambia wanahama. Kazi ya sir imekwisha, mwezi wa tatu wanarudi kwao. Mbwa ni mzee na daktari wa wanyama amesema hatastahimili ndege. Rafiki yake madam, anayekaa Silicon Oasis, amekubali kumchukua, ila anashinda kazini na mbwa mzee haachwi peke yake.

"Nimemwambia akuchukue na wewe," madam alisema. "Atakuja kututembelea kambini. Akiona mbwa amekuzoea, atahamishia viza yako kwake."

Nikasema, "Yes, madam."

Nilitamani kusema mengi zaidi ya hayo. Nilitamani kumshukuru, na kumuuliza, je, akiona hajanizoea? Ila jibu nililijua. Viza ikifutwa narudi Tanga, na Tanga hakuna kinachonisubiri isipokuwa kitanda kwa mama mdogo, ambacho sasa analala binti yake. Alipopata habari kwamba huenda nikarudi, mama mdogo alituma ujumbe wa sauti. Alikohoa kwanza, halafu akasema, "Haya mwanangu, tutabanana." Niliusikiliza ujumbe ule mara nyingi kutafuta furaha ndani yake.

Basi kilichotakiwa ni kimoja, mbwa anizoee mbele ya macho ya yule rafiki. Na hapo ndipo palipokuwa na ugumu, kwa sababu kwa miaka miwili nilikuwa nimefanya kila njia mbwa yule asinizoee.

Simchukii mbwa, wala sikuwahi kumchukia. Lakini nimelelewa chuoni kwa maalimu aliyetufundisha kwamba mate ya mbwa ni najisi nzito. Yakikugusa, au ukimgusa naye ana majimaji, unaosha pale mahali mara saba, na mara moja katika hizo saba unaosha kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Usipofanya hivyo swala yako haisihi. Nimefunzwa hivyo nikiwa na miaka sita na haijanitoka. Al Barsha nilikuwa na utaratibu wangu. Nilivaa glavu ndefu za mpira nikimlisha, nikimfungia kamba, nikimkausha baada ya kuoga. Chini ya sinki la choo changu niliweka kopo la maziwa lenye udongo niliouchota kwenye bustani ya jengo. Ikitokea amenilamba, nafunga mlango, nachota kijiko cha udongo, nafungulia bomba. Hakuna aliyejua. Maji ya Al Barsha hayaishi, unafungulia yanatoka.

Siku ya safari nilipakia mchele, sufuria, mablanketi, dawa za mbwa, kitanda cha mbwa na bakuli zake mbili. Glavu nilizisahau zikining'inia kwenye bomba. Niligundua tukiwa tumeshaingia mchangani na barabara haionekani tena.

Karavani lenyewe ni gari kubwa lenye vitanda, jiko, choo na mahali pa kuogea palipo kama kabati. Sir alilikodi, akaliendesha mwenyewe, na dereva akafuata nyuma na gari dogo lililojaa kuni na vyakula. Tulisimama karibu na miti mitatu ya miiba, upande wa Al Qudra. Hakukuwa na mtu mwingine. Upepo ulikuwa unatembeza mchanga chini chini, na ulikuwa wa baridi kiasi kwamba nilivaa sweta mbili na bado nikaficha mikono kwapani.

Sir alituita ndani akatuonyesha kila kitu. Hiki cha gesi, hiki cha hita, hiki cha taa. Alionyesha kibao chenye vitaa vinne vya kijani akasema maneno mengi kwa Kiingereza cha haraka, huku akigonga kitaa kimoja kimoja kwa kidole. Halafu akanitazama.

"Umeelewa?"

Nikatikisa kichwa. Ndiyo. Nilidhani vile ni vitaa vya umeme.

Dereva ni mtu wa Mombasa, ana umri wa baba yangu, na ameishi Dubai tangu sijazaliwa. Mimi namwita mjomba. Yeye ananiita mwanangu akiwa mpole, na Mtanga akitaka kunichokoza. Ndiye mtu pekee ninayeweza kuzungumza naye mpaka mwisho wa sentensi. Yeye alipiga hema lake kando ya karavani, na jioni ile ya kwanza alinikuta nje nimeinama, nasugua mkono kwa mchanga, bomba la nje la karavani likitiririka.

"Wewe Mtanga, waosha mikono au waosha dhambi?"

"Amenilamba."

"Amekulamba mara moja, wewe umeosha mara ngapi?"

"Hii ya nne."

Akacheka mpaka akashika kiuno. "Na akikulamba uso je? Tukuzike mchangani mpaka shingoni?"

"Mjomba, mbona wewe unamshika?"

"Mimi? Mimi nina sugu ya miaka thelathini ya arbab, hawa mabosi, na mbwa wao na farasi wao na kasuku wao. Wako maulamaa wasemao mate yake si neno. Mimi nimewafuata hao, nimepumzika."

"Wa kwetu hawasemi hivyo."

"Basi osha, mwanangu, osha. Ila usiwe wamaliza na ngozi."

Alipoondoka nikamalizia tatu zilizobaki.

Madam na sir walilala nyuma, kwenye kitanda kikubwa, na mlango wao walifunga ili hita iwatoshe. Mimi nilipewa benchi la mezani, ambalo ukishusha meza linakuwa kitanda. Mbwa aliwekewa godoro lake sakafuni, karibu na mlango wa kuingilia, na mlango ule ulipitisha upepo kama chujio.

Nilipoamka alfajiri ya siku ya pili kwa ajili ya swala, nilisikia kitu kinagonga. Nilifikiri ni karavani linalegea mahali. Kumbe ni mbwa. Alikuwa anatetemeka hata kucha zake zinagonga sakafu. Ana mwili mkubwa, rangi ya kahawa, kidevu kimeota mvi, na nyonga zake zimekwisha. Akikaa anakaa kwa awamu, kama mzee anayeshuka ngazi. Alinitazama. Hakubweka wala hakulia.

Nilikuwa sijatawadha bado, kwa hiyo nilijiambia hakuna cha kuharibu. Nikavuta blanketi langu nikamfunika. Akaendelea kutetemeka. Nikashuka nikakaa sakafuni nikaweka miguu yangu pembeni yake ili tupate joto la pamoja, naye akanyanyua kichwa kile kizito akakilaza juu ya miguu yangu. Mate yakalowesha kanga mpaka kwenye magoti. Tulikaa hivyo mpaka kucha zikanyamaza.

Halafu nikaosha. Miguu mara saba, mikono mara saba, kanga mara saba ndani ya kile kikabati cha kuogea, na mchanga niliochota nje kwa kikombe. Maji yalikuwa baridi yanauma mifupa. Nikaswali jua linakaribia kutoka, nikitetemeka mimi sasa.

Toka siku ile mambo yalibadilika kwa namna ambayo sikuipanga. Asubuhi mbwa alikataa chakula. Baridi ilimfanya asitake hata kuinama kwenye bakuli. Madam alijaribu, sir akajaribu, mbwa akageuza uso. Walipotoka kutembea nikachukua wali uliobaki, nikauchanganya na kuku, nikakaa naye kwenye mkeka pale jua linapopiga, nikamnyooshea kiganja. Alikula chote. Alilamba katikati ya vidole kutafuta punje ya mwisho. Niliona haya kwa jinsi nilivyofurahi.

Nikaosha. Mchana nikamlisha tena, nikaosha. Jioni nikamlisha, akaniegemea, sweta ikaloa, nikaosha mkono, nikaosha sweta. Alfajiri tena. Siku ya tatu alikuwa ananifuata kila ninapokwenda, pole pole, na nikikaa yeye anakaa juu ya unyayo wangu, si pembeni, juu kabisa. Nilikuwa naongea naye Kiswahili. Nilimwambia habari za mama mdogo na kile kikohozi chake. Sijawahi kumwambia mtu mwingine.

Madam alituona tumekaa hivyo akatupiga picha kwa simu, akamtumia rafiki yake. Dakika haikupita, jibu likaja. Madam akanionyesha mioyo miekundu imejaa kioo chote.

"Anasema hawezi kusubiri kuwaona," madam alisema. "Nyote wawili."

Kwa siku moja, nasema kweli, niliamini. Nilikwenda mpaka kuwaza chumba cha Silicon Oasis kitakuwa na dirisha upande gani. Sijui kwa nini nilijiruhusu. Watu kama mimi tukishaanza kuwaza dirisha ndipo mambo yanapoharibika.

Rafiki yake madam alikuja siku ya nne, kama saa tano asubuhi, na gari dogo jeupe lililonasa mchangani mara mbili kabla dereva hajakwenda kuliongoza. Ni mwanamke wa makamo, mchangamfu, alikuja na keki na koti jipya la mbwa lenye vifungo. Alipiga magoti mchangani kumsalimia mbwa. Mbwa alimnusa kwa adabu. Halafu akageuka, akatembea mwendo wake ule wa kujikokota hadi niliposimama, akakaa juu ya mguu wangu.

Wote wakacheka. Yule rafiki akaweka mkono kifuani. "Oh," alisema. "Ameshachagua."

Mjomba alikuwa nyuma yao. Alinikonyeza, akainua kidole gumba.

Koti lilikuwa limembana mbwa kidogo, na wakati wa kumvisha alimtia yule rafiki mate mikononi. Akacheka, akasema ngoja anawe kabla ya keki. Akaingia karavanini. Tukasikia pampu inanguruma, inanguruma, halafu inapiga kelele kavu ya kukwaruza. Akaita. Sir akaingia. Nilimwona kupitia mlango ameinama kwenye kile kibao. Vitaa vyote vinne vilikuwa vimezimika.

"Hakuna maji," alisema. "Tangi limekwisha. Lilitakiwa kufika Jumamosi."

Ni hapo nilipoelewa kwamba maji yale yalikuwa yamebebwa. Yametoka mjini pamoja nasi ndani ya tumbo la gari, na kila nilipofungulia bomba nilikuwa nayapunguza. Mtu mwingine angejua. Mimi nilidhani gari la namna ile, lenye choo na jiko, haliwezi kukosa kilichofanya bomba liitwe bomba.

Sir hakupiga kelele. Aliuliza tu, kwa utulivu, nani ametumia. Yeye na madam walikuwa wanaoga siku moja moja. Dereva anaogea maji ya chupa nje. Macho yakanijia.

"Ulikuwa unaoga muda mrefu?" madam aliuliza.

Nikatikisa kichwa. Ndiyo. Ilikuwa rahisi kuliko kueleza.

"Kila siku?"

Nikatikisa tena.

"Lakini lita zote hizo?" sir alisema. "Kuoga tu?"

Mbwa alikuwa bado amekaa juu ya mguu wangu na koti lake jipya. Nilitazama vifungo. Nilikuwa na maneno yote kwa Kiswahili, yamejipanga, na hakuna hata moja lililokuwa na mwenzake wa Kiingereza. Na hata kama lingekuwepo, watu watatu walikuwa wananitazama kwa pamoja.

Mjomba hakuvumilia. Alikuja mbele akaanza kueleza kwa niaba yangu. Kiingereza chake ni cha haraka na kinapita njia ya mkato. Alisema si kuoga, sir, ni mbwa. Kwenye dini yetu, huyu alivyofunzwa, mbwa ni najisi, akikugusa unaosha mara saba na udongo. Anamgusa mbwa siku nzima, kwa hiyo anaosha siku nzima. Si uharibifu, sir, ni dini.

Alisema kwa nia njema. Nilimwona anavyonitetea, mikono yake yote miwili iko hewani.

Yule rafiki alisimama na kitambaa mkononi. Uso wake haukukasirika. Ulifanya kitu kibaya zaidi, ulilainika.

"Kila akimgusa?" aliuliza.

"Kila akimgusa, madam. Mara saba."

"Maskini," alisema. Nilielewa neno hilo. Akanisogelea, akaongea pole pole kama anavyoongea mtu na mgonjwa. Alisema anaheshimu sana dini yangu. Alisema asingependa kunilazimisha kitu ambacho ni kichafu kwangu, si haki, na mbwa naye anastahili mtu ambaye hatajisikia hivyo. Alisema nimejitahidi sana. Alisema, "Usijali, ninaelewa."

Angenitukana ningeweza kulia. Angenisingizia wizi ningeapa. Lakini alikuwa ananihurumia, na huruma ile ilikuwa imeshafunga mlango na kutia kufuli. Nilitaka kumwambia kwamba mtu asiyetaka kumgusa mbwa haoshi, kwa sababu hana cha kuosha. Al Barsha nilikuwa naosha mara moja kwa mwezi. Tangi lile lilikwisha kwa sababu nilimshika. Naosha ili niswali, na nikishaswali narudi kumshika tena, na sijaona shida katika kwenda na kurudi huko, wala miguu yangu haikulalamika kwa baridi.

Nikasema, "No problem, madam."

Wakala keki. Yule rafiki akanipa kipande, nikakila nimesimama.

Mchana mjomba alikwenda na madumu hadi kituo cha mafuta akaleta maji, akayamimina kwenye tangi kwa faneli. Nilikuwa nimeshika faneli. Hakuniangalia.

"Nimekuponza, mwanangu."

Nikakaza faneli isiyumbe.

"Nilifikiri wakijua ni dini watakuheshimu."

"Wameniheshimu, mjomba."

Akamimina dumu zima, halafu akasema, "Na kwa nini hukuvaa mifuko ya nailoni mikononi? Ile ya sokoni. Imejaa garini kwangu tele."

Sikuwa nimewaza. Ndiyo kweli yenyewe, na kila nikiikumbuka najisikia vibaya upya. Ingawa nadhani mbwa asingekula kwenye nailoni.

"Basi khalas," mjomba alisema. "Yashapita."

Tulikaa mpaka Jumamosi kama ilivyopangwa. Madam aliniambia kwa upole nisijisumbue tena na mbwa, watamlisha wenyewe. Walimlisha kwa kijiko, akala kidogo. Alfajiri mbili zilizobaki alikuwa na koti lake, kucha hazikugonga. Mimi nililala kwenye benchi na mikono ndani ya sweta. Yeye alikuja mara moja akasimama, akasubiri, nikajifanya nimelala. Nilifikiri nikimvunja moyo sasa itamsaidia baadaye. Sijui kama ni kweli kwa mbwa. Kwangu haikuwa kweli.

Mwezi wa tatu rafiki alikuja Al Barsha kumchukua. Nilikunja godoro lake, nikaosha bakuli, nikaandika kwenye karatasi saa za dawa zake kwa tarakimu na picha ya kidonge, kwa sababu maneno ningekosea. Nilitaka kuandika pia kwamba hula mkononi wakati wa baridi. Nilikaa na kalamu hadi kengele ya mlango ikalia, sijaandika. Mbwa alikwenda naye kwenye lifti. Lifti ilifunga, na mimi nikarudi kudeki.

Sasa niko Al Garhoud, chumba kimoja na wanawake sita wanaosubiri kama mimi. Viza yangu imefutwa, siku za kukaa zinahesabika, na wakala wa kazi haoni nyumba nyingine inayotaka msichana asiyejua kusema. Mjomba alikwenda kumwona mbwa mara moja, alipotumwa kupeleka vitu. Alisema yuko kwenye zulia, hasimami sana. Sikuuliza zaidi, maana hakuna nitakaloweza kufanya na jibu.

Nawaomba nyinyi mnaosoma, hasa mnaofanya kazi kwenye nyumba zenye mbwa na mnaswali, niandikieni. Nielezeni mnafanyaje, na siku mlipoulizwa, mlijibu nini kwa Kiingereza. Andikeni hata mstari mmoja. Nasoma pole pole, lakini nasoma mpaka mwisho.